Jina la Nyati: Kivumishi Kimoja cha Kilatini na Safari Yake

Katika vitabu vya biolojia vinavyosomwa katika shule za sekondari za Afrika ya Mashariki, nyati, au mbogo kama wengine wamwitavyo, hutajwa kwa jina la kisayansi la Syncerus caffer. Mwanafunzi hufundishwa kwamba neno la kwanza ni jina la jenasi, nalo huanza kwa herufi kubwa. Kwamba la pili ni la spishi, nalo huanza kwa herufi ndogo. Na kwamba yote mawili hupigiwa mstari chini yanapoandikwa kwa mkono. Akiyashika hayo hupata alama zake na somo huendelea mbele. Ni mara chache mno mwanafunzi huyo kuambiwa kuwa neno la pili ni kivumishi, kuwa kivumishi hicho kina maana, na kuwa maana yenyewe anaifahamu tangu utotoni, kwa sababu asili ya neno hilo imo katika lugha yake mwenyewe. Caffer ni kafiri.

Mwezi wa Julai 2024 wataalamu wa mimea kutoka nchi nyingi walikutana mjini Madrid, Uhispania, katika Mkutano wa 20 wa Kimataifa wa Botania. Kila mkutano wa namna hiyo hutanguliwa na kikao maalumu cha kurekebisha kanuni za kuipa majina mimea, kuvu na mwani. Safari hiyo kikao kililetewa pendekezo la wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Nelson Mandela kilichoko Gqeberha, Afrika ya Kusini, yaani Gideon Smith na Estrela Figueiredo, ambao walikuwa wamelichapisha tangu mwaka 2021. Walitaka kivumishi caffra, pamoja na maneno yote ya ukoo wake, kiondolewe herufi ya kwanza ili kisomeke affra, yaani "wa Afrika". Kura zilipigwa kwa siri. Waliokubali walikuwa 351, waliokataa 205. Kanuni hudai asilimia 60 ya kura, na waliokubali walifika kama asilimia 63, hivyo pendekezo lilipita bila ya nafasi kubwa. Majina yanayoguswa yanazidi 200.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki, nao ni mdogo kuliko walivyoueleza wale waliouogopa. Hata hivyo sababu zilizotolewa kuutetea huko Ulaya si zote zinazomhusu msomaji wa Kiswahili. Yeye anayo sababu yake ya pekee, na pia anayo sehemu yake katika historia ya neno lenyewe, sehemu ambayo haipendezi kuitaja lakini si haki kuificha.

Kwanza itazamwe sarufi. Msemaji wa Kiswahili ndiye asiyepaswa kabisa kukiogopa Kilatini, maana amelelewa katika kanuni ile ile ya upatanisho. Hasemi "mtu cheupe" wala "kitu mweupe". Kivumishi chake huvaa vazi la nomino inayoongoza, kikawa mweupe, cheupe, jeupe au nyeupe. Kilatini nacho kina ngeli tatu, ambazo wanasarufi huziita ya kiume, ya kike, na ile isiyo ya kiume wala ya kike, ila kwamba mavazi ya kivumishi huvaliwa mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni. Kwa hiyo caffer, caffra na caffrum si maneno matatu bali ni neno moja lililopatanishwa mara tatu.

Mfano mzuri ni mmea mmoja wa kusini mwa Afrika, mfupi wa shina, wenye majani yanayofanana na makuti. Carl Peter Thunberg, mwanafunzi wa Linnaeus, aliuita Cycas caffra mwaka 1775. Mwaka 1834 Mjerumani Lehmann aliuingiza katika jenasi mpya, akaiita Encephalartos, jina alilolijenga kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mkate ulio ndani ya kichwa, kwa sababu wenyeji walikuwa wakitengeneza mkate kwa wanga wa kiini cha shina lake. Sasa Encephalartos ni jina la ngeli ya kiume, na hapo hapo caffra ikageuka kuwa caffer, kama vile "cheupe" kingaligeuka kuwa "mweupe" lau kiti kingaligeuka kuwa mtu. Mti mwingine wa huko huko huitwa Harpephyllum caffrum, kwa kuwa Harpephyllum ni ya ngeli ya tatu. Mwalimu akiandika majina haya mawili ubaoni pamoja na Erythrina caffra, somo la upatanisho wa Kilatini litakuwa limekwisha katika muda wa dakika kumi.

Ni jambo la kusikitisha kwamba dakika hizo kumi hazitolewi. Majina ya kisayansi hukaririshwa kana kwamba ni maneno ya uganga, ilhali mengi ni vivumishi vyepesi vya kueleza. Phaseolus vulgaris ni haragwe la kawaida. Oryza sativa ni mpunga unaopandwa, si ule unaojiotea mwituni. Zingiber officinale ni tangawizi iliyokuwa ikiwekwa katika ghala la dawa. Ajuaye vivumishi ishirini vya namna hiyo huelewa mamia ya majina bila ya kuyakariri. Lakini pia huanza kuuliza maswali, na moja la maswali hayo ndilo lililofika Madrid.

Shina la neno kafiri ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni kufunika. Katika Kiarabu cha kale hata mkulima aliweza kuitwa kwa neno la shina hilo, kwa kuwa huifunika mbegu kwa udongo. Katika dini likawa jina la mtu aliyeifunika kweli, yaani asiyeamini. Kwa maana hiyo lilifika katika pwani ya Afrika ya Mashariki pamoja na Uislamu, likakaa, na Kiswahili kikalifanya lake: kafiri, makafiri, ukafiri, kukufuru. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba sultani wa mji ule alikuwa akiwapiga vita Wazanji wa bara waliokuwa makafiri. Hivyo karne mbili karibu kabla ya merikebu za Wareno kuonekana, neno hilo lilikuwa limekwisha kufanya kazi mbili kwa pamoja. Lilitaja imani, na papo hapo lilitaja watu wa upande fulani, yaani wale wa bara, wasio wa mji, ambao iliruhusiwa kuwateka.

Wareno walipopita Msumbiji, Mombasa na Malindi mwaka 1498 na miaka iliyofuata, walihitaji jina la kuwaita watu weusi wa kusini-mashariki mwa Afrika ambao si Waislamu. Walilikuta tayari vinywani mwa mabaharia na wafanya biashara wa pwani. Wakalichukua, wakalitamka cafre. Padri João dos Santos, aliyekaa Sofala na kando ya mto Zambezi, alichapisha mwaka 1609 kitabu kikubwa juu ya nchi hizo, na ndani yake watu wa bara huitwa cafres ukurasa baada ya ukurasa. Kichekesho ni kwamba Mreno mwenyewe, kwa kipimo cha yule Mwislamu aliyemfundisha neno, alikuwa kafiri vile vile. Maana ya dini ilikuwa imekwisha kudondoka njiani. Iliyobaki ni rangi na mahali.

Kutoka kwa Wareno neno lilipita kwa Waholanzi waliofanya makao katika Rasi ya Tumaini Jema tangu mwaka 1652, kisha kwa Waingereza. Hao walilitumia hasa kwa Waxhosa na jirani zao, na nchi yao ikaandikwa katika ramani kuwa Kaffraria. Hapo ndipo wanasayansi walipolikuta. Thunberg na mwenzake Anders Sparrman, wote wawili Waswidi na wanafunzi wa Linnaeus, walifika Rasi mwaka 1772. Sparrman alisafiri bara, akamwona nyati, akamweleza katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1779 kwa jina la Bos caffer, maana yake ng'ombe wa nchi ya makafiri. Mwaka ule ule wa 1779 ilianza vita ya kwanza kati ya walowezi na Waxhosa katika mpaka wa mashariki wa Rasi. Vita hivyo vilirudiwa mara tisa katika muda wa miaka mia moja, na vitabu vya Kiingereza vya zamani viliviita kwa neno hilo hilo. Hakuna ushahidi kwamba Sparrman alikusudia kumtukana mtu. Alikuwa akiandika mahali alipomwona mnyama, kwa jina la mahali lililotumiwa na wenyeji wake wa Kizungu.

Lakini neno halikubaki pale Sparrman alipoliacha. Katika karne ya 19 na ya 20 lilikuwa tusi la kila siku la mzungu kwa Mwafrika huko Afrika ya Kusini, awe Mxhosa, Mzulu au Msotho, awe Mkristo au Mwislamu. Ndilo lililotumiwa shambani na machimboni, kituo cha polisi na jikoni, na wakati wa siasa ya ubaguzi wa rangi lilikuwa kama jina la pili la mtu mweusi. Leo mahakama za nchi hiyo huwaadhibu wanaolitamka kwa kumdhalilisha mwenzao. Mwanafunzi wa botania wa Gqeberha au wa Durban aliweza kumshtaki mtu aliyemwita hivyo barabarani, kisha akaingia darasani na kutakiwa kuliandika neno hilo hilo katika karatasi ya mtihani, kwa tahajia iliyo sahihi, ili apewe alama.

Watetezi wa majina ya zamani husema kwamba jina la kisayansi ni kibandiko tu; halina haja ya kuwa na maana, na maana yake haimgusi mtu. Kwa ushahidi hutolewa majina yaliyokosea wazi. Ushahidi huo upo kweli, tena umo katika kivumishi hiki hiki. Ndege mmoja wa jamii ya shore, anayeishi India, Pakistan, Sri Lanka na Myanmar, huitwa Pycnonotus cafer, kwa kuwa Linnaeus mwaka 1766 aliamini kwamba ametoka Rasi ya Tumaini Jema, mahali ambapo si kwao kabisa. Kigong'ota mmoja wa magharibi ya Amerika ya Kaskazini alipewa jina la cafer mwaka 1788 kwa kosa la namna hiyo hiyo. Ndege wawili wasio wa Afrika wanaitwa makafiri wa Afrika, na sayansi haikuanguka.

Hoja hii, ikichunguzwa vizuri, huwageukia wenyewe walioitoa. Kama kivumishi hakina kazi yoyote ya kueleza, basi hakuna elimu itakayopotea kikiondolewa herufi moja. Anayesema kwamba neno halina maana hawezi tena kusema kwamba kulibadili ni hasara kubwa. Isitoshe, "kibandiko tu" ni maneno ya mtu ambaye neno hilo ni geni kwake. Kwa mtu wa Uppsala au London caffer ni Kilatini, na Kilatini ni lugha ya wafu. Kwa msemaji wa Kiswahili si lugha ya wafu hata kidogo, kwa sababu neno hilo alilisikia jana msikitini au kijiweni. Yuko hai pia katika methali: kafiri akufaaye si Isilamu asiyekufaa. Kumwambia mtu huyo asiisikie maana ni sawa na kumwambia asisome.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ile ya uthabiti. Majina ya viumbe ni funguo za maktaba nzima ya maarifa: orodha za hifadhi za mimea iliyokaushwa, vitabu vya dawa, sheria za ulinzi wa wanyama na misitu, makala za miaka mia mbili na nusu. Funguo zikibadilishwa ovyo milango haifunguki. Kwa sababu hiyo botania ilichukua mwaka 1753, na elimu ya wanyama mwaka 1758, kuwa mwanzo wa hesabu, na jina la kwanza kutolewa kihalali ndilo linaloshika. Hapana mwalimu anayeweza kuidharau hoja hii, maana yeye ndiye anayefundisha kwa vitabu vya miaka ishirini iliyopita.

Walakini inafaa kuuliza uthabiti huo ulikuwa wapi mwaka 2005. Mwaka huo, katika mkutano wa Vienna, jina la Acacia, ambalo asili yake ni Kigiriki na lilihusu mgunga wa Misri, lilitolewa kwa miti ya Australia, kwa hoja kwamba spishi za huko ni nyingi zaidi. Wengi wa waliopiga kura walipinga, lakini hawakufika asilimia 60 iliyotakiwa ili kuipindua kauli ya kamati, na mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 ukathibitisha. Tangu hapo migunga ya Afrika imegawanywa katika Vachellia na Senegalia. Mgunga wa manjano wa kando ya maziwa na mito, ambao vizazi vya wanafunzi wa Kenya na Tanzania walikuwa wakiuita Acacia xanthophloea, sasa ni Vachellia xanthophloea. Mabadiliko hayo yaligusa miti inayotajwa katika kila kitabu cha jiografia na biolojia cha eneo hili, na walimu walitakiwa kuyapokea kimya. Wakayapokea. Basi mtu aliyeweza kuvumilia kuona mgunga ukiondolewa jina lake kwa sababu ya hesabu ya spishi hana budi kueleza kwa nini hawezi kuvumilia herufi c moja kuondolewa kwa sababu ya heshima ya watu.

Tena namna walivyolitengeneza jambo hili watu wa Gqeberha ni ya busara sana. Hawakuomba majina yafutwe na mapya yatungwe. Jambo hilo lingalileta watungaji wapya na tarehe mpya, na ugomvi usiokwisha juu ya nani ana haki ya kutunga. Waliomba lihesabiwe kuwa sahihisho la tahajia. Kwa hiyo Erythrina caffra ya Thunberg huwa Erythrina affra ya Thunberg, mtungaji yule yule, tarehe ile ile, sampuli ile ile iliyokaushwa. Anayetafuta katika orodha ya herufi atasogea kurasa chache, na tarakilishi itasogea kwa niaba yake.

Neno jipya nalo halikuzuliwa hewani. Warumi wa kale walikuwa na kivumishi afer, afra, afrum kwa maana ya mtu au kitu cha Afrika, yaani ile Afrika yao ya upande wa Carthage. Mtunzi wa michezo ya kuigiza Publius Terentius, wa karne ya 2 kabla ya Kristo, ambaye husimuliwa kuwa alipelekwa Roma kama mtumwa, aliitwa Afer kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ikiwa ni suala la Kilatini safi, affra iko karibu zaidi na Kilatini cha Warumi kuliko caffra, ambayo Warumi hawakuijua kamwe. Mwenye kupenda tahajia nzuri atalalamika kwamba f mbili ni nyingi mno. Lalamiko hilo ni la haki, lakini ni dogo.

Wengine huuliza mlango huu utafungwa wapi. Kuna mbawakawa kipofu wa mapangoni huko Slovenia anayeitwa Anophthalmus hitleri tangu mwaka 1937. Kuna mimea chungu nzima iliyopewa majina ya magavana, wafanya biashara ya watumwa na wenye mashamba. Je, yote yafutwe? Swali ni la maana, na jibu halipatikani kwa pupa. Lakini kuna tofauti kati ya jina linalomsifu mtu mmoja mbaya na kivumishi kinachowatukana watu wote wa upande mmoja wa bara. La kwanza hudai hukumu juu ya maisha ya mtu, na wanahistoria watabishana. La pili halidai hukumu yoyote. Yatosha kumwuliza yule anayeitwa hivyo. Mtu anaweza kukubali la pili bila kujifunga kwa la kwanza.

Sasa arudiwe nyati. Kura ya Madrid haimhusu, kwa kuwa wanyama wana kanuni zao na Tume yao ya Kimataifa. Mwaka 2023 wajumbe wa Tume hiyo walieleza msimamo wao kwa maandishi: si kazi yao kupima maadili ya majina, na kuyabadili kwa sababu za namna hiyo kutavuruga uthabiti. Matokeo yake ni kwamba katika mbuga moja ya Afrika ya Kusini mti umesahihishwa, na mnyama aliyelala kivulini mwake bado ni kafiri. Msimamo huo ni mgumu kuutetea. Si kweli kwamba Tume ingelazimika kusoma maisha ya kila mtu aliyepewa jina la mdudu. Ingelazimika kufanya lile tu walilofanya wenzao wa botania, yaani kurekebisha tahajia ya kivumishi kimoja. Nyati ni mmoja wa wanyama watano mashuhuri wa Afrika, hutajwa katika kila kitabu cha hifadhi na kila somo la malisho. Vyama vya wanasayansi vya Afrika vina haki, na vina wasomi wa kutosha, kuliandikia pendekezo lake kama watu wa Gqeberha walivyoandika la mimea.

Hata hivyo pendekezo la namna hiyo likitoka Nairobi au Dar es Salaam lisiandikwe kana kwamba neno lilianguka kutoka mbinguni likiwa mikononi mwa Wazungu. Lilipandia merikebu zao katika bandari za Waswahili. Wareno walilifanya jina la rangi, Waholanzi na Waingereza wakalifanya tusi; lakini mazoea ya kumtazama mtu wa bara kama asiye na dini, asiye na adabu, na anayeweza kuuzwa, yalikuwapo pwani kabla yao, na Kiswahili hadi leo kina neno mshenzi kwa ushahidi. Mwalimu wa historia na mwalimu wa biolojia wangeweza kulifundisha jambo hili pamoja katika kipindi kimoja, na kingekuwa kipindi cha maana kuliko vingi.

Kuna mti mmoja unaofaa sana kwa kipindi hicho, nao ni mng'ongo, ambao huota kuanzia Kenya na Tanzania hadi kusini, na matunda yake hupendwa na watoto, mbuzi na ndovu. Mjerumani Sonder aliuita Sclerocarya caffra. Baadaye John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliuona kuwa ni sehemu tu ya spishi inayoenea hadi Afrika ya Magharibi, akauandika Sclerocarya birrea subsp. caffra. Neno birrea limetokana na birr, jina ambalo wenyeji wa Senegambia waliuita mti huo. Katika jina moja, basi, mti huu ulibeba namna mbili za Wazungu za kutaja kitu cha Afrika: mmoja alimwuliza mwenyeji anauitaje mti, mwingine akaupa mti jina alilomwitia mwenyeji. Kwa kanuni mpya sehemu ya mwisho husomeka affra. Vivyo hivyo kwa ule mmea wa miiba wa ua ambao Wakenya huuita kayaba, uliotoka kando ya mto Kei katika nchi ya Waxhosa: Dovyalis caffra huwa Dovyalis affra.

Vitabu vilivyomo madarasani vitaendelea kuwa na tahajia ya zamani kwa miaka mingi, kwani hakuna wizara itakayochapisha upya kwa ajili ya herufi moja, wala haipasi. Mwalimu aiweke affra ubaoni na caffra kando yake, aeleze kwa nini, na katika kusahihisha kazi asimnyime alama mwanafunzi aliyeandika mojawapo. Kwa nyati mwanafunzi aandike Syncerus caffer, kwa kuwa hilo ndilo jina lake halali hadi Tume itakapoamua vingine. Na akiuliza maana yake, aambiwe.